Mzee wangu hagusi soda wala pombe, kakutwa na sukari 14. Sasa hiyo soda tunayotishiwa kila siku ina kosa gani?

#1 Kifaru Mpole

Wakuu, heshima kwenu.

Mzee wangu ana miaka 61. Soda aliacha zamani kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Pombe hajawahi kuonja, ni Msabato wa kuzaliwa. Sigara hapana. Mwezi uliopita akaanza kuamka usiku mara nne, mara tano kwenda kukojoa, na nyayo zinamwaka moto. Tukampeleka. Sukari asubuhi kabla ya kula: 14.2. Presha 164 kwa 98. Kapewa metformin ya sukari na dawa ya presha, akaambiwa "punguza sukari". Sasa apunguze sukari ipi na soda yenyewe haigusi?

Upande wa pili kuna babu, baba yake huyu huyu mzee. Yuko Same milimani, ana miaka 88. Chai anaweka sukari mpaka kijiko kinasimama. Alipimwa mwaka jana, yuko safi kuliko mimi.

Nani kadanganywa hapa? Nisaidieni bila matusi.

#2 Ngoja Waje

Nimetandika mkeka, naomba na mto.

#3 Nesi wa Zamu

Pole na mzee. Kabla watu hawajaanza kupiga ramli, tutajie vitu vyote anavyokunywa tangu anaamka hadi analala. Nasema anavyokunywa, chakula tutakifikia. Usiache kitu hata kama unaona hakihusiani.

#4 Kifaru Mpole

Nesi wa Zamu, asante. Asubuhi uji wa lishe, bakuli. Saa nne chai ya maziwa, sukari vijiko viwili tu. Mchana juisi anayotengeneza mama, embe na pasheni, siku nyingine parachichi. Jioni akipita stendi anakunywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Usiku maziwa ya moto na asali. Vyote vya asili, hakuna cha kiwandani hata kimoja.

#5 Bajaji Namba Moja

Mkuu, umejijibu mwenyewe 😂😂 Mzee kaacha kunywa soda kaanza kunywa shamba la miwa.

#6 Nesi wa Zamu

Bajaji kanitangulia. Tuhesabu.

Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, yaani vijiko vya chai 9 vya kufuta. Glasi ya ujazo huo huo ya juisi ya matunda iliyokamuliwa haiko mbali na hapo hata usipoongeza sukari. Miwa mara nyingi inaipita soda. Mama akitia vijiko vyake vitatu kwenye jagi, ongeza hapo. Asali ni sukari tupu kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake, kinachobaki ni maji na harufu nzuri.

Mwili hauulizi sukari imetoka kiwandani au stendi. Unachoangalia ni nyingi kiasi gani na imeingia kwa kasi gani. Ukinywa hutafuni, nyuzinyuzi zimebaki kwenye kichujio, tumbo halijui kwamba umekula. Machungwa matano hayaliki kirahisi, ila juisi ya machungwa matano inakwisha kabla hujakaa kitako.

Nilichosema kinahusu sukari kwenye damu. Kwa nini mzee amepata ugonjwa ni swali jingine, na hilo silijibu kwa mstari mmoja.

#7 Binti Muheza

Sasa nyie mnataka kutuulia soko. Nauza machungwa, nasomesha kwa machungwa, leo naambiwa chungwa ni soda yenye ganda?

#8 Nesi wa Zamu

Binti Muheza, uza machungwa dada yangu, tena nikija huko nakuungisha. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2013, walifuatilia maelfu ya wahudumu wa afya kwa miaka mingi. Waliokula tunda zima, hasa zabibu na matofaa, walipata kisukari kwa uchache zaidi. Waliokunywa juisi walipata zaidi kidogo. Tunda ni lile lile. Shida ni mashine ya kukamulia.

#9 Jeshi la Mtu Mmoja

Shirika la Afya Duniani lilishasema mtu asizidishe vijiko 6 vya sukari kwa siku. Soda moja ina vijiko 20. Uzi ufungwe.

#10 Hesabu Kali

Jeshi, rudi darasani. Soda ni vijiko 9, kasema nesi #6, huo mzigo wa 20 umeubeba wapi? Na mwongozo wao wa mwaka 2015 unasema sukari ya kuongeza, pamoja na ya asali na juisi, isifikie asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, vijiko 12. Asilimia 5, ndiyo hivyo vijiko 6 vyako, wameiweka kama pendekezo la ziada kwa atakayeweza. Ukimtisha mtu kwa takwimu ya uongo, siku akigundua hata ile ya kweli haamini.

#11 Jeshi la Mtu Mmoja

Sawa mwalimu mkuu. Tofauti iko wapi, si bado mzee kapita?

#12 Hesabu Kali

Kapita, tena mbali.

#13 Mama wa Wawili

Naomba niseme kitu na msinichukulie vibaya. Mwanangu aligundulika na kisukari akiwa na miaka 7. Kwenye ukoo, kwenye daladala, mpaka shuleni kwake, kila mtu ananiambia nilimlisha peremende na soda. Mtoto alikuwa anakunywa maji na maziwa. Ni aina ya kwanza, mwili wake wenyewe umeshambulia kongosho, insulini haitoki. Hakuna chakula nilichompa kikaleta hilo na hakuna chakula nitakachompa kikaliondoa. Anachoma sindano kila siku.

Kwa hiyo mkiandika "kisukari" hapa, andikeni ni aina ipi. Yupo mama mwingine anasoma usiku huu na analia.

#14 Kifaru Mpole

Mama wa Wawili, pole sana dada. Mzee wameandika aina ya pili. Nimejifunza.

#15 Mzee wa Gahawa

Mimi nawaachia juisi zenu. Kahawa chungu barazani asubuhi na magharibi, miaka 30, sina sukari wala presha. Nilisoma kwamba wanywaji kahawa hawapati kisukari. Kahawa ni dawa.

#16 Maabara Ndogo

Mzee wa Gahawa, ni kweli tafiti nyingi zimeona wanywa kahawa wanapata aina ya pili kwa uchache. Huo ni uhusiano, bado hatujui kama kahawa ndiyo inayofanya kazi au kuna kingine kwenye maisha yao. Ila kahawa ya kwenye dele haichujwi kwa karatasi. Mafuta yake yanabaki kikombeni, na ndani yake kuna kafestoli, inayopandisha ile lehemu (kolesteroli) mbaya. Ya kuchuja haina shida hiyo kwa kiasi hicho. Vikombe vyenu ni vidogo, hilo nakubali.

Kashata je? Barazani hakuna anayekunywa chungu peke yake.

#17 Mzee wa Gahawa

Kashata mbili. Tatu kama kuna mazungumzo ya mpira.

#18 Bajaji Namba Moja

Na mpira upo kila siku 😂

#19 Mchukuzi Mstaafu

Mnazunguka sana. Zamani watu walikula sukari, walikula mafuta, na hawakuumwa. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti wa vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, wenye kisukari walikuwa karibu asilimia 1. Mwaka 2012 serikali ikapima watu wa miaka 25 hadi 64 nchini, ikakuta asilimia 9.1, na wenye presha asilimia 26. Ndani ya miaka 23! Damu haibadiliki kwa miaka 23. Kilichobadilika ni mafuta ya kula. Yale ya kupikia yanayoganda kwenye ndoo ndiyo yametumaliza.

#20 Hesabu Kali

Mchukuzi, namba zako ni sahihi, nakupa hongera maana humu ni nadra. Ila unalinganisha mbuzi na kondoo. Ule wa 1989 ulikuwa wa vijijini tu. Wa 2012 ulikuwa na mijini, na umri wake umeanzia 25. Ongezeko lipo, sikatai, lakini huwezi kuligawanya ukasema asilimia zote 8 ni za ndoo ya mafuta. Katika miaka hiyo 23 vimeingia pia bodaboda, televisheni, sembe ya kukoboa mara mbili, na watu kuhamia mjini.

#21 Mchukuzi Mstaafu

Bodaboda inaletaje kisukari?

#22 Hesabu Kali

Kwa kukutoa miguuni mzee wangu. Zamani kituoni ulikuwa unafikaje?

#23 Milima ya Upare

Mleta uzi, mimi nimetoka huko huko Same. Hebu nikuulize. Babu anakula nini mchana? Makande, sindiyo? Mahindi yasiyokobolewa na maharage yamechemshwa asubuhi yote. Na shamba lake liko juu ya nyumba au chini?

#24 Kifaru Mpole

Makande kila siku ya Mungu. Shamba liko chini, anashuka na jembe anapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe. Sisi vijana tukienda tunapumzika mara tatu njiani, yeye anatusubiri juu anacheka.

#25 Milima ya Upare

Basi hapo acha kumtafuta mchawi. Babu anatia vijiko vinne kwenye kikombe kimoja, halafu anaviteketeza mlimani. Msuli unaofanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo. Na maharage yale yanachelewesha wanga. Mzee wako anaishi wapi na anafanya kazi gani?

#26 Kifaru Mpole

Mbagala. Alikuwa fundi ujenzi, goti likaharibika mwaka 2016, tangu hapo anakaa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Anakaa kweli kweli, mteja akija anamwelekeza kwa kidole.

#27 Ngoja Waje

Kwa hiyo tumefika #26 ndio tunaambiwa habari ya goti 😅

#28 Mlaji Majani

Mimi niliacha nyama mwaka 2018 na presha imeshuka. Nyama nyekundu ndiyo adui wa moyo. Mkiacha nyama, soda na sukari vitakuwa hadithi ndogo.

#29 Mkia wa Fahali

Wamasai je? Wanaishi kwa maziwa, nyama na damu, mbona hawaanguki njiani?

#30 Maabara Ndogo

Mkia wa Fahali, hilo lina historia yake. Miaka ya 60 daktari mmoja Mmarekani, George Mann, alikuja kuwachunguza Wamasai kwa sababu hiyo hiyo: walikula mafuta ya mnyama kwa wingi na lehemu ilikuwa chini. Watu wakashangilia. Mwaka 1972 wenzake na yeye wakachapisha walichokiona kwenye mioyo ya wanaume 50 waliofariki. Utando wa mafuta ulikuwemo kwenye mishipa, usifikiri haukuwemo. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikawa inapita. Yeye akasema ni kutembea.

Kwa hiyo ukitaka kula kama Morani, anza na kilomita.

#31 Mlaji Majani

Asante kwa kunitetea.

#32 Maabara Ndogo

Sijakutetea.

#33 Mwambao wa Nyasa

Mlaji Majani, pole, lakini kwetu Ludewa palishafanyika mashindano ya namna hiyo. Utafiti wa Lugalawa, ulitoka mwaka 1996. Walichukua wanakijiji wa milimani wanaokula mboga na nafaka, wakachukua na wa ziwani wanaokula samaki kila siku. Kabila moja kwa asili, maisha hayatofautiani sana. Wa samaki wakawa na presha ndogo zaidi na mafuta mazuri zaidi kwenye damu. Wala majani walishindwa na dagaa.

Nasema kwa majivuno kwa sababu mama yangu ni wa ziwani.

#34 Mlaji Majani

Samaki wa kuchemsha au wa kukaanga kwenye mafuta meusi kama ya pale kwetu Temeke?

#35 Mwambao wa Nyasa

Ziwani mafuta meusi yatoke wapi kaka.

#36 Mtoto wa Likoni

Niaje wandugu, niko Mombasa. Mmesahau chumvi. Mzee ana presha 164 na kurasa mbili zote mnapigana na miwa. Kuna utafiti wa Wajaluo, ulichapishwa 1990: waliwafuata watu wakitoka kijijini Nyanza kuja Nairobi kutafuta kazi. Miezi michache tu mjini, presha imepanda kuwashinda wale waliobaki nyumbani. Kwa mkojo wakakuta chumvi zaidi na potasiamu kidogo. Watu ni wale wale, damu ni ile ile, mji umebadilika.

Mwambie mama aangalie vile viungo vya mchuzi vya mraba, chumvi ya mezani, na ile kachumbari inayonyunyiziwa kama mvua ya Aprili. Kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu, hata ile iliyo ndani ya mkate.

#37 Kifaru Mpole

Mtoto wa Likoni umenigusa. Mzee anaonja chakula baada ya kutia chumvi, siyo kabla.

#38 Mpemba Mtulivu

Assalaam alaykum. Nasubiri tu nione lini mtaifikia nazi yetu. Naona harufu yake inakuja.

#39 Mchukuzi Mstaafu

Umeiita mwenyewe. Nazi ni mafuta yanayoganda.

#40 Mpemba Mtulivu

Nlijua! Wallahi nlijua. Bibi yangu kapika mchuzi wa nazi toka Sultani yupo, kafa na miaka tisiini na meno yake. Nyie wa bara mumeijua nazi juzi kwenye chupa ya kupaka nywele.

#41 Maabara Ndogo

Mpemba, tusigombane. Mafuta ya nazi yana mafuta magumu zaidi ya asilimia 80, yanazidi hata siagi, na kwenye majaribio yanapandisha lehemu mbaya kuliko ya alizeti. Hilo limepimwa mara nyingi. Lakini bibi hakuwa anakunywa mafuta ya nazi. Alikuwa anakula samaki, kisamvu na ndizi ndani ya tui, labda tui la pili, na nazi ilikuwa ya kukuna kwa mbuzi. Ukikuna nazi moja mikono imechoka, huwezi kupika tatu. Siku hizi tui linatoka kwenye pakiti, mtu anamimina.

#42 Mpemba Mtulivu

Hapo kwenye mbuzi umesema kweli. Mie nshakuna sana utotoni. Ila sijakubali.

#43 Kigoma Mwisho wa Reli

Na mawese? Huku na ng'ambo Uvira ndiyo tunayopikia. Nayo mtaitukana?

#44 Maabara Ndogo

Mawese ni nusu kwa nusu, karibu nusu yake ni mafuta magumu. Yale mekundu yana vitamini A, yale meupe ya ndoo wameshaiondoa. Ukiyachemsha mpaka yanatoa moshi na yakawa meupe, umeichoma vitamini na mafuta yamebaki.

#45 Tende na Gahawa

Nipo Muscat mwaka wa 12. Huku kisukari ni kama mafua, kila nyumba kuna sindano kwenye friji. Halua, tende, kahawa, juisi, na gari mpaka mlangoni. Tende naipenda na ina nyuzinyuzi, lakini zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari. Mzee mmoja hapa anakula tende 7 kwa sababu ya sunna, halafu anafuatisha halua kwa sababu ya kumbuka nyumbani. Daktari kamwambia zile 7 wataelewana, ila halua hakuna hadithi inayoitetea.

#46 Jeshi la Mtu Mmoja

Suluhisho ni soda za ziro. Hazina sukari, mzee anywe hizo.

#47 Hesabu Kali

Shirika hilo hilo unalolipenda, Mei 2023, lilisema vitamu visivyo na sukari visitumike kama njia ya kupunguza uzito au kujikinga na maradhi haya.

#48 Nesi wa Zamu

Hesabu Kali, leo nami nikusahihishe kidogo, samahani. Pendekezo lile linawatoa watu ambao tayari wana kisukari. Kwa mzee, soda ya ziro haitampandishia sukari kama ya kawaida. Mimi bado ningempa maji, kwa sababu ulimi ukizoea utamu, chai itadai vijiko vyake.

#49 Hesabu Kali

Nimesahihishwa. Tarehe iandikwe ukutani.

#50 Shamba la Zabibu

Natokea Dodoma. Divai nyekundu glasi moja kwa siku inalinda moyo, Wafaransa wanajua. Tujenge uchumi wetu.

#51 Maabara Ndogo

Hizo tafiti za zamani zilikuwa na tundu. Kwenye kundi la "wasiokunywa" walichanganya na watu walioacha pombe kwa sababu walishaumwa. Ukilinganisha mnywaji mzima na mgonjwa aliyeacha, mnywaji ataonekana shujaa. Na mzee ni Msabato, utamwingiza kwenye matatizo na mchungaji. Nyongeza: mtu aliye kwenye glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari) au insulini akinywa pombe bila kula, sukari inaweza kushuka usiku akadhaniwa amelewa tu.

#52 Tabibu wa Mizizi

Mleta uzi njoo inbox. Nina mlonge, mdalasini na mwarobaini, siku 21 sukari inakwisha kabisa, vidonge anatupa.

#53 Mama wa Wawili

Ndugu, shangazi yangu alitupa vidonge kwa ajili ya siku 21 kama hizo. Sasa hivi ana mguu mmoja. Mlonge ni mboga, pika ule. Usimwambie mtu atupe dawa.

#54 Bajaji Namba Moja

#53 🙏 Moderata wafute hiyo #52.

#55 Binti Muheza

Kuna kitu kuhusu matunda na dawa nilikuwa nataka kuuliza. Mama yangu ana dawa ya lehemu, akaambiwa asiguse balungi. Sisi tuna mibalungi nyuma ya nyumba. Ni kweli au wanatutisha?

#56 Nesi wa Zamu

Ni kweli kwa baadhi ya dawa. Simvastatin ndiyo hasa, na atorvastatin kidogo. Balungi linazuia kimeng'enya cha utumbo kinachopunguza dawa, inaingia damuni nyingi kuliko ilivyopangwa, misuli inaweza kuumia. Machungwa ya kawaida na machenza hayana shida hiyo. Mwambie mama aonyeshe pakiti kwa mfamasia.

#57 Binti Muheza

Kwa hiyo machungwa yameshinda kesi moja. Alhamdulillah.

#58 Mchukuzi Mstaafu

Na madafu? Nilikuwa nataka kuuliza muda mrefu.

#59 Nesi wa Zamu

Dafu lina sukari chini ya nusu ya soda ya ujazo huo. Moja si kesi. Ila potasiamu yake ni nyingi, mwenye figo mbovu aulize kwanza.

#60 Mkia wa Fahali

Turudi kwa mzee. Mimi naona hakuna kati ya hivi. Baba wa mleta uzi ana baba mwenye miaka 88 mzima, sawa. Upande wa mama yake je? Bibi alikufa na nini?

#61 Kifaru Mpole

Bibi sikumkuta. Mzee anasema "aliugua mguu, kidonda hakikupona".

#62 Mkia wa Fahali

Haya.

#63 Milima ya Upare

Hata hivyo wadogo zake mzee waliobaki Same wanazo damu za bibi yule yule. Wanaumwa?

#64 Kifaru Mpole

Mmoja anaumwa, shangazi. Naye hajatoka kijijini. Wengine wawili wazima.

#65 Ngoja Waje

Huo mkeka wangu unaanza kuchoka. Kila nikishawishika anakuja mtu mwingine.

#66 Kifaru Mpole

Wakuu, zimepita wiki mbili. Nimerudi na mrejesho. Nimemnunulia mzee kimashine cha kupimia kidole, tumepima saa mbili baada ya mlo. Juisi, miwa na asali vimesimama tangu uzi huu, kagoma siku tatu halafu akanyamaza. Dawa anameza.

Uji wa lishe, bakuli lake lile lile, kijiko kimoja cha sukari: 16.8
Wali na maharage na mchicha: 11.6
Ugali wa dona na sangara: 13.4
Makande: 9.7

Nimechanganyikiwa. Dona si ndiyo mnayosifia?

#67 Jeshi la Mtu Mmoja

Uji wa LISHE 😳 na jina lote lile.

#68 Nesi wa Zamu

Safi sana kwa kupima, wagonjwa wengi hawafiki hapo. Uji: unga umesagwa laini, umechemshwa, unateleza. Kuchanganya nafaka sita hakubadilishi kwamba ni wanga uliosagwa, unaingia kama maji. Ule ulibuniwa kumnenepesha mtoto, na kazi hiyo unaifanya vizuri. Bakuli lile apewe mjukuu.

Dona ina kapi na kiini, ina nyuzinyuzi na vitamini kuliko sembe. Lakini bado ni ugali.

#69 Milima ya Upare

Makande juu! Nilisema #23. Wapare hatujawahi kukosea.

#70 Maabara Ndogo

Polepole. Kifaru, makande yalikuwa siku gani?

#71 Kifaru Mpole

Jumamosi.

#72 Maabara Ndogo

Msabato, Jumamosi. Mama hapiki Sabato, kwa hiyo yalipikwa Ijumaa?

#73 Kifaru Mpole

Yalipikwa Ijumaa mchana, yakalala, yakapashwa moto. Ulikuwepo?

#74 Maabara Ndogo

Wanga ukipikwa ukapoa, sehemu yake inakaza na tumbo haliisagi kirahisi, hata ukipasha. Kwa hiyo inaweza kuwa ni maharage, inaweza kuwa ni kulala kwenye jokofu. Wali ule nao ulikuwa na maharage.

#75 Hesabu Kali

Na alifikaje nyumbani kutoka kanisani?

#76 Kifaru Mpole

Kwa miguu. Kama dakika 25, na goti lake. Alikula alipofika, halafu akamsindikiza mgeni mpaka kituoni.

#77 Hesabu Kali

Tayari una makande, ubaridi na mguu ndani ya namba moja. Na mlo mmoja umepima mara moja moja. Rudia kila kimoja mara tatu ndio tuongee, na baada ya miezi mitatu apime HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi hiyo.

#78 Mpemba Mtulivu

Wali wa nazi hamukupima. Nimeona. Munauogopa.

#79 Kifaru Mpole

Mpemba, Jumapili hii tunapima, mama kashanunua nazi mbili. Za kukuna.

#80 Bajaji Namba Moja

Mimi nina swali moja tu. Hilo dona la 13.4 lilikuwa kubwa kiasi gani?

#81 Kifaru Mpole

Mama anasema kama kichwa cha mtoto mchanga. Mzee anasema mama anazidisha, lilikuwa kama ngumi.

#82 Bajaji Namba Moja

Ngumi ya nani? Huyo alikuwa fundi ujenzi.